Miujiza, Msiba na Vitabu vya Vijana Wetu

Pana mazoea mabaya yaliyoota mizizi katika vitabu vya vijana wetu, nayo ni mazoea ya kumfanya kila maiti kuwa mwalimu. Mtu hafi katika vitabu hivyo ila kwa kuacha somo. Akifa msichana, amekufa ili wasichana wenziwe wajihadhari. Akifa baba mlevi, amekufa ili walevi wengine wazinduke. Lakini waliobaki, wale watoto wanaorudi kutoka makaburini na kukuta kiti cha mzazi wao kitupu, hawaulizwi neno. Kurasa mbili baada ya mazishi wamekwisha kurudi darasani, wanasoma kwa bidii, na kitabu kimefungwa.

Nayaandika haya Simbo, nyuma ya Ujiji, katika nchi ya michikichi ambayo vijana wake wengi huteremka ziwani kutafuta riziki. Mtoto wa huku hana haja ya kuelezwa kwamba watu hufa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na katika maziwa yote ya dunia halipitwi kwa kina ila na Baikal la Urusi. Mvuvi akizama mbali na pwani, yamkini nyumba yake itakaa matanga bila ya kaburi. UKIMWI, uliotambuliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, uliacha nyumba nyingi mikononi mwa mabibi na mababu. Mwezi wa Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko kwao walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, wakingojea meli ya Liemba iwalete Kigoma. Kipindupindu kiliwakuta hapo, wakafa watu wapatao 30. Watoto walioshuka bandarini katika safari zile leo ni vijana wa umri wa sekondari.

Basi nauliza: vijana hawa tumewapa kitabu gani?

Tukitazama vitabu vilivyosomwa kwa miaka mingi katika sekondari zetu, tutaona kwamba kifo kimejaa tele. Katika tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation, kijana Joti anauawa na UKIMWI, na kifo chake ni hoja ya kuwahimiza wazazi wawafundishe watoto wao elimu ya jinsia. Katika Orodha ya Steve Reynolds, iliyotoka mwaka 2006, Furaha anakufa na kuacha barua ya kusomwa mazikoni. Wanaume waliomwendea wanatetemeka, wakidhani majina yao yametajwa, kumbe orodha ile ni ya mambo ambayo yangalimwokoa. Kwa Kiingereza wanafunzi wamesoma Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala, ambamo ugonjwa huo huo unaifyeka familia nzima. Wamesoma pia Takadini cha Ben Hanson, kisa cha mama wa Zimbabwe anayekimbia na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe.

Sivitukani vitabu hivi. Orodha, hasa, ina hila nzuri ya kutunga, kwa maana marehemu anapewa nafasi ya kusema, na walio hai wanakosa pa kujificha. Tena viliandikwa wakati nyumba inaungua, na mwenye kupiga kelele za moto haulizwi kama sauti yake ni tamu. Ninacholalamikia ni kwamba kelele za moto zimegeuzwa kuwa aina pekee ya usemi inayoruhusiwa mbele ya kijana aliyefiwa. Halafu kitabu kinaingia darasani na kukutana na yale maswali yetu ya uhakiki: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Mwanafunzi aliyemzika mama yake mwezi wa Juni anaulizwa mwezi wa Septemba kutaja ujumbe nne zinazotokana na kifo cha mhusika. Anazitaja, anapata alama zote. Hakuna aliyegundua kwamba mtoto huyo amefundishwa kuwa kifo cha mama yake nacho ni lazima kiwe kosa la mtu fulani.

Hatukuwa hivi tangu asili. Ngano zetu, ambazo wenzetu wengi sasa huziona kuwa ni michezo ya watoto wadogo, zilijua kukaa na msiba bila ya kuukimbiza. Chukua kisa cha Sultani Darai, kimoja cha visa vilivyokusanywa Unguja na Askofu Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Maskini mmoja, Haamdani, alikuwa akichakura jaani kutafuta punje za kula. Siku moja akaokota thumuni, akanunua paa. Paa yule alikuwa na maneno kama mtu. Akamtafutia bwana wake almasi, akamposea binti wa sultani, akamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba iliyojaa kila neema. Kisha paa akaugua. Akatuma habari kwa bwana wake, naye bwana akaamrisha apikiwe uji wa mtama mwekundu, katika nyumba ile isiyokosa kitu. Paa akafa, akatupwa kisimani. Bwana akashangaa watu wanalilia nini, kwa kuwa kwake yeye alikuwa ni mnyama wa thumuni tu. Mke wake ndiye aliyelia. Akampelekea baba yake habari, na sultani akaja mwenyewe, paa akatolewa kisimani akazikwa kwa heshima na kwa kilio. Usiku ule mke akaota yuko kwao, akaamka akajikuta yuko kwao. Haamdani akaota anachakura jaani, akaamka akajikuta anachakura jaani.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nataka msomaji aone kazi inayofanywa na muujiza. Muujiza haumfufui paa. Hakuna jini anayetokea kumpulizia pumzi, wala hakuna dawa inayookotwa ng'ambo ya bahari saba. Paa amekufa, na mauti yake yanabaki kuwa mauti. Muujiza unafanya jambo jingine: unaifanya dunia nzima ikiri kwamba aliyekufa alikuwa na thamani. Nyumba inaporomoka kama ndoto kwa kuwa aliyeishikilia hayupo. Mtoto aliyefiwa anajua jambo hili vema kuliko sisi. Yeye ameona nyumba ikisimama pale pale, kuta zile zile na sufuria zile zile, naye anajua kwamba nyumba ile haipo. Ukimweleza kwa lugha ya kawaida kwamba maisha yanaendelea, umemdanganya. Ukimwambia kwamba mtu alilala katika jumba akaamka jaani, atakutazama usoni, kwa sababu hatimaye umesema kitu anachokijua.

Na Shaaban Robert, aliyefiwa na mkewe Amina na kumtungia shairi la maombolezo, hakuona haya kuwatia majini katika kitabu ambacho vijana wengi wa nchi hii wamekisoma. Katika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, Adili anatakiwa kila usiku kuwapiga manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, waliogeuzwa na jini kwa husuda yao. Anawapiga naye analia. Nilipokisoma kitabu hicho nikiwa kijana, niliyasahau upesi mafunzo ya utawala bora ambayo mwalimu alitaka tuyashike. Sikumsahau mtu anayelia huku mkono wake unapiga. Kuna vijana wangapi waliompenda mzazi na kumkasirikia wakati mmoja, kwa kuwa amekufa? Jambo hilo huwezi kulisema kwa hotuba.

Hata ziwa letu lenyewe lina kisa chake. Stanley, ambaye mwaka 1871 alimkuta Livingstone Ujiji, alirudi baadaye na kukisikia, akakiandika katika kitabu chake cha mwaka 1878. Inasemekana zamani hapakuwa na ziwa, palikuwa na bonde lenye watu wengi. Mume na mke walikuwa na chemchemi yenye samaki, nayo ilikuwa ni siri isiyoruhusiwa kutoka. Mume aliposafiri, mke alimwonyesha mpenzi wake chemchemi ile. Siri ikavunjika, ardhi ikapasuka, maji yakaimeza nchi na watu wake. Wakusanyaji wa visa husoma hapo kosa la mwanamke, kama kawaida yetu. Mimi humfikiria mume anayerudi safarini, mzigo kichwani, anafika mahali palipokuwa na kijiji chake na kukuta mawimbi. Miongoni mwa vijana wanaosoma shule za Kigoma wamo wanaoweza kuuandika ukurasa huo kuliko mtunzi yeyote wa mjini, lakini hakuna aliyewaomba.

Sasa nageukia pingamizi iliyo nzito kuliko zote. Wenzetu wengine husema: Tanzania imeumizwa na ushirikina, je, tuwape vijana vitabu vya majini na mizimu? Hawasemi upuuzi. Tangu karibu mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino walianza kuwindwa na kuuawa, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwaka 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo wauaji wa kwanza. Katika mkoa wetu, Kabanga wilayani Kasulu, watoto wenye ualbino walilazimika kukusanywa shuleni na kulindwa kwa ukuta, mbali na wazazi wao. Mwenye kusahau habari hizi hana haki ya kuzungumza juu ya uchawi, hata ule wa kwenye karatasi.

Walakini hebu tutazame ushirikina huo unasema nini. Unasema kwamba mwili wa mwenzako ni bidhaa. Kwamba ukitoa fedha kwa mganga na uhai wa mtu mwingine, utapata mgodi wenye dhahabu au nyavu zenye samaki. Ni biashara, na lugha yake ni lugha ya soko. Ngano inasema kinyume chake kabisa. Haamdani ni nani, kama si mtu aliyepata utajiri kwa uhai wa mwingine na kuuthamini uhai huo kwa thumuni? Na ngano imemfanya nini? Imemrudisha jaani. Laiti kisa hiki kingelisomwa kwa makini katika kila darasa la nchi hii, tungelikuwa na hoja iliyo kali kuliko mabango mengi tuliyoyabandika ofisini. Kijana aliyeizoea miujiza ya ngano anajua kuwa muujiza haununuliwi. Anayedanganyika kwa urahisi na mganga tapeli ni yule ambaye hakusimuliwa kitu, akakua na kiu, akaja akanywa maji ya kwanza aliyouziwa.

Ukali wa kuchanganya mambo haya mawili nimeuona kwa macho. Miaka michache iliyopita niliombwa kusaidia kusoma insha za mashindano katika shule moja ambayo sitaitaja. Msichana wa kidato cha pili, mwenyeji wa kijiji cha pwani ya ziwa, aliandika juu ya mwana wa mvuvi aliyezama. Wasomaji wa mbali waelewe kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Na ukitazama kutoka mlimani utadhani mji umejengwa juu ya maji. Mtoto katika hadithi ile alikuwa akizihesabu taa kila usiku wa giza, na alfajiri akahesabu mitumbwi inayorudi. Usiku taa arobaini, asubuhi mitumbwi thelathini na tisa. Hakumwambia mtu. Mwisho wa hadithi mama yake anatoka nje usiku, anasimama karibu naye, na bila ya kuulizwa anasema, "Arobaini." Mwalimu aliyetangulia kusahihisha alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Ushirikina. Andika mambo ya kweli. Nilibishana naye kwa adabu, alama hazikubadilishwa. Aliyeshinda alikuwa ameandika juu ya faida za elimu.

Ndugu msomaji, mimi ni mtunga mashairi na mtumishi wa serikali, elimu yangu ni ya sekondari, wala sidai kuwa mhakiki. Lakini najua ukweli ninapokutana nao, na ule mtumbwi wa arobaini ulikuwa ni ukweli. Mama yule naye alikuwa akihesabu!

Wengine hupinga kwa jina la sayansi na maendeleo, wakisema taifa linalotaka wahandisi lisipoteze karatasi kwa hadithi za paa wasemao. Pingamizi hii ni nyepesi. Waingereza hawapungukiwi na wahandisi, na mwaka 2012 walimpa Patrick Ness nishani ya Carnegie, iliyo kubwa kwao kwa vitabu vya watoto na vijana, kwa kitabu chake A Monster Calls. Wazo la kitabu hicho lilikuwa la mwandishi mwingine, Siobhan Dowd, aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla ya kuliandika. Kijana Conor ana mama mgonjwa wa saratani; saa sita na dakika saba usiku, mti wa makaburini unageuka jitu na kuja dirishani kwake. Jitu halikuja kumponya mama. Linasimulia visa vitatu na kumtaka kijana asimulie cha nne, ambacho ni siri anayoiogopa: kwamba alichoka na kutamani yaishe. Mama anakufa. Waswidi nao, kabla ya hapo, mwaka 1973, walipata kwa Astrid Lindgren kisa cha ndugu wawili wanaokutana tena katika nchi iliyo ng'ambo ya mauti, na baadhi ya wakubwa wakalalamika kwamba kinatisha. Watoto walikisoma.

Sisemi tuwaige, nchi yenye chemchemi iliyomeza watu haina haja ya kuazima jitu la makaburi ya Uingereza. Nasema tu kwamba mchanganyiko huu wa simanzi na muujiza, ambao huko wanauona kuwa ni ufundi mpya, sisi tulikuwa nao mikononi tukautupa kisimani.

Na tuliutupa kwa njia ya lugha pia. Kwa miaka kadhaa palikuwa na Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa kutoka Kanada na kusimamiwa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto. Ilihimiza watunzi wetu waandike hadithi za vijana, ikavinunua vitabu vilivyoshinda na kuvigawa shuleni. Jambo jema, ila vitabu vilitakiwa viwe vya Kiingereza. Mimi sina ugomvi na mtoaji, maana fedha ni zake. Nashangaa tulivyonyamaza sisi. Kijana wa Simbo anaweza kujifunza hesabu na jiografia kwa Kiingereza, akijikwaa na kuinuka. Lakini hakuna mtu anayelia kwa lugha ya kuazima. Ukimpa hadithi ya msiba kwa lugha ambayo atafungua kamusi mara tatu katika kila ukurasa, umempa zoezi la lugha.

Ni kweli kwamba watunzi wetu wakubwa hawakuwaacha mizimu. Kezilahabi aliandika Nagona na Mzingile, na Said Ahmed Mohamed akaandika Babu Alipofufuka, mwaka 2001. Ila hivyo ni vitabu vya watu wazima, tena wenye subira. Kwa vijana, Mulokozi alitupa Ngome ya Mianzi na vitabu vilivyofuata, juu ya vita vya Wahehe na Wajerumani, na kijana anayevisoma hujua kwamba mababu zake walikuwa watu. Tunaweza basi kuwaandikia vijana tukitaka.

Neno la tahadhari ni lazima. Sitetei kila kitabu chenye jini. Zipo hadithi, na katika filamu zetu ndizo nyingi, ambamo marehemu hurudi kuwanyonga waliomdhulumu, damu ikamwagika, mganga akaitwa, na mambo yakaisha. Hizo hazina simanzi hata chembe, zina kisasi. Vilevile zipo zile tamu mno, ambamo mama hurudi akiwa amevaa nguo nyeupe na kumhakikishia mtoto kwamba yote ni heri. Mtoto aliyefiwa ataifunga hadithi hiyo upesi, kwani yeye aliomba usiku mwingi mama arudi, na hakurudi. Kipimo changu ni kile cha paa: je, baada ya muujiza, aliyekufa bado amekufa? Kama ndiyo, mwandishi aendelee.

Kuhusu la kufanya, yapo machache yasiyohitaji bajeti kubwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 na kusimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikawakumbuka watoto. Iwakumbuke na vijana kwa jina lao, wale wasiotaka tena sungura na fisi lakini hawajafika kwa Kezilahabi. Visa vya Unguja vya mwaka 1870 vichapishwe upya kwa Kiswahili cha leo na kwa bei ya mfuko wa mkulima, na maafisa utamaduni wa wilaya tupewe daftari na kalamu tukaandike visa vya Waha, vya Wamanyema wa Ujiji na vya wakimbizi wa Nyarugusu, kabla mabibi wanaovijua hawajaondoka navyo. Serikali ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi wa Desemba 1962, iliyaweka mambo hayo mawili chini ya paa moja la nyumba, na sababu yake haijachakaa.

Na watunga mitihani wabadilishe swali moja tu. Badala ya kuuliza ujumbe nne, waulize hivi: Paa alipokufa, ni nani aliyemlilia, na kwa nini mwenye paa hakulia? Kijana aandike ukurasa mmoja, na msahihishaji aweke wino mwekundu mbali.